Viatu Vilivyotoka Mikindani

Asubuhi ile niliondoka mtaa wa Airport, Changamwe, bila kujua niendako. Rafiki aliyenipa godoro kwa wiki mbili alikuwa amerudiwa na mkewe kutoka bara. Nilitia nguo zangu kwenye mfuko, nikashika barabara. Nimezoea, ila siku hiyo miguu ilichoka hata kabla ya safari.

Saa tatu, Mikindani. Nilibisha hodi mahali niombe maji. Mwenyeji, Mama Kadzo, alisimama mbele ya banda ameshika kuku wawili waliokufa. Waliobaki walikuwa wakikoroma kama wenye pumu. Banda alilizungushia magunia pande zote.

"Nawakinga na upepo wa kusi," alisema. "Baridi yaua kuku, mwanangu."

Ndani, harufu ya kinyesi ilinichoma macho. Tulitoa maranda ya mbao yaliyolowa sakafuni mpaka daktari wa mifugo aliyeitwa akafika.

Alimpasua kuku mmoja, akatuonyesha koromeo jekundu lenye utando. Nikamuuliza mbona kuku hawakohoi wakautoa ugonjwa. Shule niliiacha darasa la sita, lakini maswali hayajaniacha.

"Koromeo lina vinyweleo vinavyofagia uchafu kwenda nje," alisema. "Harufu hii huvidhoofisha. Asipokuwepo wa kufagia, bakteria hukaa. Nao wana nyuzi zao, jicho haliwezi kuziona. Ncha ya uzi hunasa kwenye ngozi ya ndani, kama kishonanguo, mbegu ile ya porini, kwenye suruali yako hiyo. Kikishashika, utakisuuza kwa maji kitoke?"

Mama Kadzo alianza kuyang'oa magunia, moja moja. "Kumbe niliwafungia ugonjwa ndani mwenyewe," akasema. Daktari aliacha dawa, akasema wengine watapona, wengine la. Hakumdanganya.

Saa nane, lori la mchanga lilinipakia, tukapita barabara ya Dongo Kundu hadi Likoni. Kwenye bomba la karibu na stendi nilivimwagia viatu maji kuondoa uchafu wa banda, nikaendelea.

Alasiri, Timbwani. Nilielekezwa kwa Bi Mwanaisha, mjane mwenye chumba cha wageni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Chumba kipo. Karibu ndani."

Kupitia mlangoni nilikiona kitanda, shuka imetandikwa. Mtetea akaja na vifaranga vyake kunidonoa kamba za viatu. Nilikuwa nimechoka, na ningenyamaza, nani angejua? Nikarudi nyuma hatua mbili, nje ya lango.

"Bibi, usiniruhusu kwanza. Asubuhi nilikuwa kwenye banda la kuku wagonjwa."

Alizoa vifaranga vyote kwenye kanga yake. "Na viatu ndivyo hivyo?"

"Ndivyo. Lakini nimevisuuza."

"Kusuuza! Mwanamume mzima, wallahi, hujui maji matupu hayatoi hata shombo la samaki? Simama papo hapo, usinisogelee!"

Nilijua ataniambia niende zangu. Badala yake akarudi na ndoo, sabuni na brashi, akaviweka mbali nami kama anayemlisha mbwa mkali. Nikasugua viatu, nyayo na mikono. Akaniagiza nivue suruali ile nyuma ya ukuta, akanirushia kikoi cha marehemu mumewe. Nilipokuwa nikiiloweka suruali niliona vishonanguo kwenye upindo. Nikavichomoa kimoja kimoja kwa kucha. Maji hayakuwa yameving'oa.

"Sasa ingia. Viatu vilale huko huko juani."

Niliketi kitandani, miguu mitupu, nimechoka mno hata usingizi hauji. Nimepita miji mingi nikidhani nikiondoka nimeondoka, sibebi kitu. Mtetea akaingia na vifaranga vyake kukagua chumba. Nikainua miguu yangu juu.