Nyama ya Ijumaa Dongobesh

Marehemu Imakulata, Mungu amlaze mahali pema, alikula chakula cha kununua mara moja tu katika maisha yake yote, na siku hiyo alikula akilia. Ilikuwa mwaka wa hamsini na nne. Kabla ya hapo na baada ya hapo alikula alichokipika mwenyewe kwenye mafiga yake pale Tumati, na alipozeeka alikula tulichompikia sisi wajukuu zake, akikisifu hata kikiungua.

Mwaka huo mumewe, Hermani, alikuwa amekonda mpaka mkanda ukamzunguka mara mbili. Alikunywa maziwa na uji mwepesi tu mbele ya watu. Ukimwuliza, alisema hana hamu. Mganga wa zahanati alimwandikia barua ya kwenda hospitali kubwa Arusha, akamwambia Imakulata, "Mlishe, mama. Safari ya lori ni ndefu, na huko huenda wakampasua. Aende akiwa na nguvu." Maneno hayo yalimkaa kichwani. Kama ni hamu tu, alijisemea, nitamtafutia kitu cha kuirudisha. Na hakuna mtu pale Tumati aliyependa nyama ya kuchoma kama Hermani. Siku waliyofunga ndoa alimaliza ubavu wa mbuzi kabla wazee hawajamaliza kuwabariki.

Lori la Arusha lilikuwa likiondoka Dongobesh kila Jumamosi alfajiri. Wakatoka nyumbani Ijumaa, wakitembea polepole na kupumzika kila kilima, wakafika sokoni mchana jua likiwa kali.

Pale sokoni Tawakali na mkewe Mwantumu walikuwa na mgahawa ambao wenyewe hawakuchoma nyama. Wafugaji wa tambarare za Hanang hawakumwamini mtu baki na nyama yao ikiwa motoni, walisema itapungua. Basi mteja aliuziwa nyama mbichi, akawekewa karai la mkaa mbele yake, wavu wa waya juu, kisu na chumvi, akachoma mwenyewe. Saa ile Tawakali alikuwa msikitini. Mwantumu ndiye aliyewapokea, akawaketisha karibu na mzee mmoja mfugaji, Gidahosh, aliyekuwa akigeuza figo yake peke yake.

"Shikamoo, mzee," Imakulata alisema.

"Marahaba. Leteni moto wenu karibu, wangu unazeeka kama mimi."

Nyama ilipoletwa Hermani hakuishika. "Leo Ijumaa, Mama Natalia. Mkatoliki hali nyama Ijumaa."

"Najua ni Ijumaa. Nilimwuliza katekista Nikolausi. Amesema mgonjwa ameruhusiwa."

"Amesema hivyo?"

"Amesema. Na amesema usinisumbue."

Hermani akacheka kidogo. Hilo la pili katekista hakulisema.

Imakulata alikata vipande, akavipanga juu ya wavu, akawa anavigeuza kila mara kwa ncha ya kisu.

"Wewe mama!" Gidahosh alimwambia. "Unaibembeleza nyama kama mtoto anayeota meno. Iache iungue kidogo, haitakukasirikia."

Imakulata alimpa Hermani kipande cha kwanza. Alikitafuna. Aliendelea kukitafuna, macho yakiutazama moto, mpaka Gidahosh alipomaliza figo yake yote. Kisha akageuka pembeni, akakitema mkononi.

"Ni ngumu," Imakulata alisema haraka. "Nitakata ndogo." Akakata ndogo. Akakata nyingine ndogo kama punje ya mahindi, akaipuliza, akamtilia mdomoni kwa vidole vyake. Hermani alifumba macho akameza. Palepale akainuka nusu, akajishika shingo, na maji aliyokuwa amekunywa yakamtokea puani. Gidahosh aliacha utani, akamshika mabega. Mwantumu akaja mbio na bakuli la supu. "Kaka, jaribu hii, haina nyama ndani." Supu nayo ikarudi.

Alipotulia, Imakulata alimwuliza kwa sauti ndogo, "Tangu lini?"

"Tangu mavuno."

"Tangu mavuno! Na ugali wangu wa kila siku?"

"Nilimpa mbwa, ukishatoka."

"Ndiyo maana amenenepa vile." Alitaka kucheka, ikashindikana. "Ulisema huna hamu."

"Hamu ninayo, Mama Natalia. Nikisikia harufu hii natetemeka. Njia ndiyo imefunga."

Hapo ndipo alipoelewa kwamba ile amri ya Ijumaa mumewe alikuwa ameikimbilia ajifiche, isijulikane kwamba hawezi kumeza, naye amemtoa humo kwa mikono yake mwenyewe, mbele ya watu. Nyama ilikuwa inalia juu ya moto. Alianza Salamu Maria moyoni akakwama katikati, hakujua aombe nini: shingo ya mumewe ifunguke, au lori la kesho lisije. Mganga alisema mlishe. Hakusema mtu analishwaje asiyepitisha hata supu.

Hermani alichukua kisu mkononi mwa mkewe. Akavuta karai kwake, akageuza vipande vilivyobaki kimoja kimoja, akanyunyiza chumvi. Mikono yake ilikuwa myembamba lakini haikusahau kazi. Akachagua kilichoiva vizuri, akamnyooshea.

"Kula wewe."

"Mimi si mgonjwa. Ni dhambi."

"Kula nikuone."

Imakulata akamtazama Mwantumu, Mwantumu akainamisha kichwa. Akamtazama mzee Gidahosh, naye akawa anachokoa majivu yake. Kwa hiyo alifungua mdomo mbele ya watu, mchana wa Ijumaa, mwanamke aliyekuwa hajavunja amri hiyo tangu abatizwe, akapokea.

"Imeiva?" Hermani aliuliza.

Akaitika kwa kichwa, machozi yakimfika kidevuni.

"Chumvi?"

"Inatosha."

"Usiharakishe. Hii inayofuata imetoka karibu na mfupa."

Alitafuna. Na kila alipomeza, koo la Hermani nalo lilipanda na kushuka, kavu.