Utepe Mweusi Ambao Sikuubandika

Mwanangu, iko siku moja ninayoikumbuka hata nisipotaka. Kiwanda chetu cha chai, hapa Tukuyu, kilikuwa kimetoka mikononi mwa serikali na kwenda kwa mwekezaji, na kila mtu alikuwa roho juu kuhusu orodha ya watakaopunguzwa. Mimi, binti niliyetoka chuo cha ufundi juzijuzi, nikakabidhiwa kamera ya kupiga picha za joto, ili ioneshe mashine ipi inaelekea kuharibika. Nilivimba kichwa, siwezi kukuficha.

Wiki ile tulisugua kila chuma mpaka kikang'aa, maana wageni wa mwekezaji walikuwa wanakuja. Mkufunzi aliyetufundisha kamera hiyo alishatuonya: chuma kinachong'aa huidanganya kamera, kibandike kwanza utepe mweusi ndipo upime. Nilipofika kwenye feni kubwa ya kukaushia majani, nikaona utepe utaharibu usafi wetu, nikapiga picha hivyohivyo. Ikaonesha beringi, kile chuma ambamo mhimili wa feni huzungukia, imepoa.

Fundi Ambakisye, aliyeihudumia feni ile tangu sijazaliwa, aliweka kiganja kwenye beringi akakiondoa haraka. "Binti yangu, inaunguza. Hebu gusa."

Sikugusa. Nilimpelekea meneja picha, nikamweleza alichosema mzee, naye akacheka. "Mzee huyu sasa anaota joto." Jina la Ambakisye likaingia kwenye orodha.

Akaachishwa kazi, na kabla hajamaliza wiki moja kijijini kwao Masukulu, beringi ilikwama, feni ikavunjika. Meneja akatangaza mbele ya wafanyakazi wote kwamba mzee aliihujumu mashine kwa hasira kabla ya kuondoka. Nami nilisimama palepale, najua ukweli wote, nikanyamaza kwa kuhofia kazi yangu. Kazi yenyewe iliniponyoka mwaka uliofuata.

Nilikwenda kumwomba radhi miaka imeshapita. Alinisikiliza huku akipalilia migomba yake, wala hakunikaribisha niketi.

"Maneno hayo ungeyasema kiwandani," aliniambia. "Hapa nyumbani nani asiyejua kwamba sikuharibu kitu?"

Mwanangu, ninyi mna vifaa vinavyoona kuliko vyetu. Vitumieni. Lakini ukikosea, kiri siku ileile, mbele ya walewale waliolisikia kosa lako, hata kama kibarua kitaota nyasi. Radhi ya pembeni haimrudishii mtu jina lake. Mzee yule alizikwa akiitwa mhujumu. Mungu akupe ujasiri ambao mimi niliukosa, na akuepushe na uchungu huu ninaozeeka nao.