Mabibi Wawili na Ndege ya Asubuhi

Fundi wetu wa magauni tunamwita Mama Vipimo, na si kwa sababu ya nguo tu. Tangu binti yake aolewe na kuhamia ng'ambo, ametundika ukutani saa ya pili inayofuata majira ya kule, masaa saba nyuma yetu. Cherehani yangu iko ubavuni mwa yake, kwa hiyo nimeyasikia mpaka nimechoka: sasa binti anaamka, sasa yuko kazini, tusimpigie.

Siku moja zikaja habari kwamba binti na mumewe wanamleta mtoto wao wa kwanza, ambaye mabibi zake walimjua kwa simu tu. Mama Vipimo akaapa kuwa yeye ndiye atakayembeba kwanza. Bibi wa upande wa baba, mpishi wa shule, akamjibu watakutana huko huko uwanja wa ndege. Walicheka, lakini nawajua wote wawili. Hakuna aliyekuwa anatania.

Tiketi ilisema wanaondoka saa kumi jioni, wanatua saa nne asubuhi. Mama Vipimo akaamua kwamba tiketi iliyokatwa kule ina saa za kule. Akaongeza masaa yake saba, akapata saa kumi na moja jioni. Nikamuuliza kama kweli ndege itakaa angani masaa kumi na nane. Akachukua futi kamba, akapima ramani ukutani kutoka mji wetu hadi ule, akaniambia huo si umbali wa kwenda sokoni. Nikarudi kwenye cherehani yangu. Ukibishana naye atakuachia kufumua mishono wiki nzima.

Asubuhi ya siku yenyewe alikuwa anapiga pasi kijishati cha mjukuu, simu ikalia.

"Mama, tumeshatua," binti alisema. "Mbona hatukuoni?"

Tulikimbilia teksi, yeye na ndala zake za kazini. Kumbe saa ya kutua huandikwa kwa majira ya mahali ndege inapotua. Machozi yalimlenga, na mimi roho iliniuma, maana tulijua mwenzake hana mahesabu: angeamka tu mapema, akaenda kukaa.

Na kweli tulimkuta pale mlangoni. Mtoto alikuwa mikononi mwa baba yake, anamvuta bibi huyo kilemba, na bibi mwenyewe kafunga mikono nyuma. Binti akatuambia mama mkwe wake amekataa kabisa kumpokea mtoto tangu watoke.

"Nimekungoja, mkwe," mpishi alisema. "Haya, mbebe. Lakini usijisahau, na mimi nipo."

Mama Vipimo akamshika mwenzake mkono, akamsogeza, wakampokea mtoto pamoja, huyu kichwani, yule miguuni. Mtoto akaangua kilio cha kusikika uwanja mzima, nao wakacheka mpaka wakalia, na hakuna aliyekubali kumwachia.