Gitaa la Pili Gerezani

Simu iliyonitoa Morogoro ilipigwa na mwanamke nisiyemjua. Aliniamkia, akajitambulisha kwa jina la Rehema, akasema yeye na wenzake wamepanga jengo la kiwanda cha zamani cha masufuria pale Gerezani, Dar es Salaam, na wanaligeuza ukumbi wa sanaa. Siku ya kulifungua walitaka usikike tena muziki wa bendi ya kiwanda. Walikuwa wamewatafuta wanamuziki wake, na karibu kila jina waliloulizia waliambiwa ni marehemu.

"Mmebaki wewe na Mzee Twalibu wa Kariakoo," aliniambia. "Tunaomba mje mtupigie hata wimbo mmoja."

Nilikubali kabla hajamaliza. Ukumbi wenyewe haukunishughulisha sana. Nilikubali kwa sababu ya Twalibu. Yeye alipiga gitaa la solo, lile linaloimba juu ya mengine yote, na mimi nilipiga ridhimu, gitaa la pili linalombeba mwenzake. Mchana tulisimama kwenye mashine moja ya kugonga bati, jioni tukasimama jukwaa moja. Kiwanda kilipofungwa nilirudi kwetu kulima, yeye akabaki kwao. Tuliagana kwa maneno yale ya "tutaonana tu," na hatukuonana tena. Na tangu mke wangu, mama Anjela, alipofariki, nyumba yangu ya Kihonda, huku Morogoro, imekuwa kimya kiasi kwamba nasikia friji ikiwaka na kuzima.

Ijumaa asubuhi nilipanda treni ya umeme, gitaa likiwa mapajani. Zamani treni ilikuwa inapiga ngoma njia nzima. Hii ya sasa inateleza kama kisu kwenye siagi. Binti aliyekaa pembeni yangu aliniamkia vizuri, nikaitikia marahaba, nikajiandaa kumweleza ninakokwenda. Akachomeka vile vidude vya kusikilizia muziki masikioni, akafumba macho. Ngerengere ikapita, Ruvu ikapita, na hadithi yangu nikabaki nayo mwenyewe.

Kutoka Stesheni nilitembea kwa miguu hadi Gerezani. Mabasi ya mwendokasi yalikuwa yanapishana katikati ya barabara, na pembeni maduka ya vipuri yamemwaga bidhaa zake hadi nje. Vijana walikuwa wananiita kila hatua. "Mzee, shokapu? Mzee, sema unatafuta nini, usizunguke na jua!" Mmoja alilitazama gitaa langu ndani ya mfuko wake akauliza, "Hiyo ekzosi ya gari gani, mzee wangu?" Nikacheka. Ilikuwa mara ya kwanza siku ile mtu kuniuliza habari za gitaa langu.

Rehema alikuwa ananisubiri mlangoni, mama wa makamo aliyepakaa rangi ya kuchorea ya bluu hadi kwenye viwiko. Alinipokea kwa mikono miwili. Ndani, mashine zote zilikuwa zimeondolewa. Zilibaki nati kubwa zilizochomoza sakafuni, nazo wamezipaka rangi nyekundu watu wasijikwae. Ukutani walikuwa wamechora wafanyakazi: vifua vipana, nyundo mikononi, macho yanatazama mbali.

"Umewaonaje, baba?" aliniuliza.

"Wazuri," nilimjibu, na kweli walikuwa wazuri. Ila nilizipitia nyuso zile moja baada ya nyingine, na hakukuwa na hata mmoja ninayemjua.

Alasiri nilivuka kwenda Kariakoo. Nyumba ya kina Twalibu, ile ya vyumba sita na baraza ndefu, haipo tena. Pamesimama ghorofa, na chini yake kuna duka dogo la kanzu na manukato. Ndani aliketi mzee mnene mwenye kofia ya kufuma na ndevu nyeupe. Nilipiga hodi.

Aliinuka kitini. "Deo? Deo wa Morogoro?"

Tulikumbatiana juu ya meza ya duka, chupa za marashi zikagongana. Akasema nimekonda, nikasema yeye amekula sehemu yangu. Aliagiza kahawa na kashata. Tuliwataja marehemu wetu, mpiga besi, mpiga tumba, mwimbaji, na kila jina alilisindikiza kwa dua. Kisha nikamwambia kilichonileta.

"Yule mama alikuja hapa mara mbili," alisema taratibu. "Niliporudi Hija niliweka nadhiri, gitaa silishiki tena. Usidhani nalichukia, Deo. Nalijua linavyonishika."

"Wimbo mmoja tu, Twalibu."

"Ungemwambia mlevi aliyeacha, anywe bia moja tu?"

Adhana ikaanza, naye akachukua msala wake akasimama. Alinikaribisha nije kula kwake usiku, nikamwambia nina mazoezi. Mazoezi yenyewe niliyafanya gesti, jirani na Mnazi Mmoja, nimekaa kitandani. Nilipiga ridhimu ya wimbo wetu tangu mwanzo hadi mwisho, na mtu wa chumba cha pili akagonga ukuta ninyamaze.

Jumamosi jioni ukumbi ulijaa vijana. Walikuwepo wachoraji, wacheza sarakasi, na binti mmoja aliyeghani mashairi hadi watu wakasimama. Kisha Rehema akanitangaza. Nilikaa kwenye kiti, nikaanza. Chaka-chaka, chaka-chaka. Watu wakawa wananitazama kwa heshima, wanasubiri. Nilifika ubeti wa pili wakawa bado wanasubiri, na kijana mmoja wa mbele akamwuliza mwenzake, "Mzee bado anaweka nyuzi sawa?"

Wimbo ulikuwa unakwenda na hakuna aliyeusikia, kwa sababu wimbo ulikuwa kwenye gitaa la Twalibu. Ndipo nikafanya jambo ambalo sijawahi kulifanya jukwaani maisha yangu yote. Nilifumbua mdomo, nikaiimba solo yake. "Ti-ri-ri, ti-ri-ra." Walicheka. Sikuacha. Kidogo kidogo makofi yakaingia kwenye mdundo, na akina mama wawili waliokuja na watoto wao wakaanza kucheza. Katikati nilipotea. Kuna mahali solo inashuka kwa namna ambayo Twalibu peke yake aliijua, na mimi nikabaki narudia kipande kilekile hadi nikakimalizia nilivyoweza.

Walinipigia makofi mengi. Walipiga picha nami, kisha wakapanda watoto wa singeli, ule muziki wao wa mbio, ukumbi ukatetemeka. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki pembeni, Rehema akaniletea soda. Nilishukuru kwa moyo wangu wote. Lakini katika umati ule sikuwa na mtu wa kumgeukia na kumwambia, "Pale kati nimekosea."

Jumapili, kabla ya kwenda Stesheni, nilipita Kariakoo kuaga. Twalibu alikuwa anafungua duka.

"Pale kati umekosea," alisema hata kabla ya salamu.

"Nani amekwambia?"

"Wajukuu zangu wamenionyesha video kwenye simu." Alichungulia mtaani, akarudisha mlango nusu. Kisha akafumba macho, na kwa sauti ndogo ya mtu anayembembeleza mtoto, akaimba kile kipande. Kilishuka hatua kwa hatua, sawasawa na zamani.

"Na nadhiri?" nilimwuliza.

"Nadhiri ni ya gitaa." Akatabasamu. "Haya, rudia nikusikie."

Nilirudia. Akanisahihisha, nikarudia tena, na safari hii akaitikia kwa kichwa. Tulikuwa tunataka kuanza tangu mwanzo pale mteja aliposukuma mlango akiulizia kanzu ya bwana harusi. Twalibu akafuta macho kwa kiganja, akashika utepe wa kupimia.

Nilirudi Morogoro jioni ileile. Majirani waliniuliza nimejifunza nini Dar, nami nawajibu hapa. Ukumbi ni mzuri, nendeni mkauone. Wale vijana wana jambo lao na wanalifanya kwa bidii. Ila msimpende rafiki kwa kumkumbuka tu. Mfuateni mapema, mtafute hata namba yake, msingoje mgeni awaitie.

Siku hizi kila Jumapili nikitoka misa nampigia. Ananiuliza mahindi, namwuliza magoti yake. Maneno yakiisha huwa naaga, naye huniambia, "Usikate kwanza." Basi tunanyamaza, yeye dukani na mimi barazani, na katika simu nasikia Kariakoo nzima ikipita nyuma yake: honi, mikokoteni, watu wanaitana kwa majina.