Kikombe Kilichoniruka

Miaka ya mwisho ya utawala wa Mwingereza nilikuwa mama wa watoto wanne, na nyonga ziliniuma hata nikawa nachuma kahawa nimepiga magoti. Damu nayo haikujua tarehe. Mtoni wenzangu walinitania, "Sisi tuna siku zetu, mwenzetu ana mwezi mzima." Nilicheka nao, nikafua, nikarudi nyumbani nimejikunja.

Kanisani kwetu, juma la kabla ya Meza ya Bwana, kila mshiriki aliitwa peke yake kuulizwa hali ya roho yake. Sisi wanawake tuliulizwa na mama mmoja mzee wa kanisa, mtu wa sala, aliyenifundisha kusoma. Nilimweleza maumivu yangu kama binti anavyomweleza mama yake. Akafungua daftari.

"Mtaje, mwanangu."

"Nimtaje nani, mama?"

"Huyo mwanamume. Tumbo la uzazi haliumi bure."

Zamani kwetu, mwanamke aliyeshindwa kujifungua aliamriwa ataje wanaume aliolala nao. Mama yule alibatizwa tangu msichana, lakini swali lake lilikuwa bado halijabatizwa.

"Dhambi ninazo," nikamwambia. "Nilimpiga kuku wa mama mkwe kwa mwiko akafa, nikasema ni mwewe. Hiyo andika. Ya mwanamume sina, na sitamtunga mmoja ili upate cha kuandika."

Hakucheka. Nikaambiwa nikae benchi la nyuma pamoja na waliotengwa, mpaka nitakapotubu.

Jumapili ile nilikaa benchi la mbele, mahali pangu pa siku zote, ubavuni mwake. Nilikalia kifuko nilichokishona na kukijaza maganda ya maharage, maana ubao uliniumiza. Kikombe kilikuja mkono kwa mkono. Kilipofika kwake, alinyoosha mkono mbele ya kifua changu, akampa aliyekuwa upande wangu wa pili. Nikabaki nimekaa. Wimbo wa mwisho niliimba beti zote.

Nyumbani mume wangu alisema, "Twende hospitali ya Mbeya. Mimi najua niliyemuoa."

Tulipanda lori la kahawa kwenye barabara ya Tunduma, mimi na kifuko changu. Daktari aliniingiza kijiti mpaka mlango wa kizazi, akafuta utando, akaupaka kwenye kioo ukapelekwa Dar es Salaam. Aibu ile sitaisimulia. Niliimaliza kwa kuhesabu mbao za dari. Niliporudi kusikiliza jibu, muuguzi alinifafanulia: chembe za mlango wa kizazi hazikuwa za kawaida. Haikuwa saratani, ila zikiachwa zingeweza kugeuka. Maumivu ya nyonga yalikuwa jambo jingine, uvimbe uliobaki tangu uzazi wa mwisho. Wakaiunguza sehemu ile mbaya, wakanipa dawa, wakaniagiza nirudi kupimwa tena. Niliogopa, na Mungu nilimwambia wazi kwamba naogopa.

Nilimpelekea yule mama habari nzima. Akaenda kwa wazee wenzake, akarudi amechangamka.

"Wamekubali. Jumapili utasimama mbele ya kanisa, upokelewe tena."

"Nipokelewe kutoka wapi? Mimi sikutoka."

"Ni utaratibu tu, mwanangu. Kitambo kidogo."

"Yule mama aliyetokwa damu miaka kumi na miwili, Bwana alimwuliza ataje wanaume?"

"Una kichwa kigumu wewe."

"Ulinifundisha kusoma, mama."

Kikombe kikaniruka mara mbili zaidi. Kila mara nilikuwa pale pale, juu ya maganda yangu, na kiu yangu.

Mara ya nne mkono wake haukunyooka. Alikishikilia kikombe juu ya mapaja yangu mpaka watu wa nyuma wakaanza kukohoa.

"Pokea," akaninong'oneza. "Mkono wangu umechoka kukuruka."

"Na utaratibu?"

"Utaratibu haukai benchi hili. Ninayekaa ni mimi."

Nikanywa, nikampa jirani. Kisha nikajiegemeza, kwa kuwa nyonga bado ziliuma, na ziliniuma miaka miwili mingine. Kipimo nilirudia mara tatu. Cha mwisho kilikuwa safi, na kwa hilo nashukuru kila asubuhi.

Lakini mbele ya kanisa sikusimama. Nimezeekea kwenye benchi lile lile, na mpaka leo hakuna aliyenipokea tena.