Vitenge Juu ya Maharage

Mama akifungua sanduku lake la vitenge hapa Sydenham, Durban, harufu ya nafthalini ya kufukuza nondo hunijia puani, na papo hapo narudi kwenye bonde kame la Karoo nilipokuwa na miaka tisa. Kabla hatujahamia Durban, baba alikuwa akimwagilia mipichi katika shamba moja huko, mahali penye mawe mengi kuliko nyasi. Mama alikuwa ametoka kwao Uvira na chupa ya mbegu za maharage ya bibi, mekundu yenye madoa. Bibi alikuwa ameshafariki, na chupa ile ndiyo iliyobaki. Septemba ilipoingia, mama akaanza kulima, maana kwao huo ni mwezi wa kupanda.

“Mama Neema, ngoja kwanza,” baba alimwambia. “Huku baridi inarudiaka.”

“Septemba ni Septemba! Mungu iko na kalenda ngapi?”

Akazipanda mbegu zote, hata moja hakubakisha. Baba alimjua mkewe, akarudi kwenye mipichi yake. Maharage yalichipua vizuri, kisha ukaja upepo. Siku tatu tulikula ugali wenye mchanga, maua ya mipichi yakapukutika, na nusu ya miche ya mama ikavunjika shingo. Iliyobaki aliiegemeza kwenye vijiti, mmoja mmoja, huku akiutukana upepo kwa lugha ya kwao. Jioni ya siku ya tatu kukawa shwari, mbingu nyeupe pee, bila hata wingu. Mimi nilifurahi, lakini baba alitazama juu, akasema alfajiri umande utaganda na kuunguza kila kichipukizi. Mama hakubisha. Alifungua sanduku ambalo sisi watoto hatukuruhusiwa hata kuligusa, tukatandaza vitenge juu ya matuta na kuvikandamiza kwa mawe. Lilibaki tuta moja, na sandukuni kitenge kimoja, cha harusi yake. Alikishikilia kifuani kwa muda.

“Hii mama ndiye alinipa,” akasema. “Acha ifunike maharage yake.”

Asubuhi nyasi zilikuwa nyeupe na vitenge vimekakamaa kama mbao. Tulipoinua cha kwanza, chini yake kulikuwa kijani kitupu. Kabla hatujamaliza kushangilia, upepo ukarudi, ukakinyakua kitenge cha harusi na kukichana kwenye seng’enge. Mama alikitazama, akayatazama maharage, akaangua kicheko hadi akakaa chini. Sijawahi kumpenda kama siku ile.

Hapa Durban baridi ya namna hiyo haipo, na maharage yanaota hata kwenye ndoo, kwenye baraza ya chumba changu kule Glenwood. Maisha ni mepesi zaidi, nami sina hamu ya kurudi kula mchanga. Lakini kila Septemba mama hunipigia simu, na kabla ya salamu huniuliza, “Umebakisha mbegu?” Nami humjibu kwamba nimebakisha, na ni kweli: zimo kabatini, nimezifunga katika kipande cha kitenge kile.