Hakumwacha Njeru Amalize

Ipo asubuhi moja ya kiangazi ambayo haijanitoka akilini, mwanangu, ingawa siku hizi hata majina ya wajukuu yananitoka. Babu yangu alikuwa na mzinga aliokuwa ameutundika kwenye mgunga wa Mzee Ireri, kule chini upande wa Mbeere ambako jua halina huruma. Kwetu mtu aliweza kutundika mzinga kwenye mti wa jirani bila ugomvi. Ulimwomba kwanza, na ukishavuna, sega la kwanza ulimpelekea mwenye mti kabla watoto wako hawajalamba kidole. Basi, ni hayo tu. Hapakuwa na karatasi.

Asubuhi hiyo babu alichagua sega jeupe kuliko yote, akalifunika kwa jani la mgomba, akaniambia tuandamane. Mwendo ulikuwa mrefu, nami nilikuwa kijana mwenye njaa na mdomo. Nikamwambia babu, "Guka, si Mzee Ireri alikufa?"

Hakugeuka. Aliniuliza tu, "Na mti nao ulikufa?"

Tukaenda hadi kwa mjane wake. Mama yule alilipokea sega kwa mikono miwili, akakaa nalo mapajani muda mrefu kabla ya kutupikia uji. Uji wenyewe ulikuwa umeungua, lakini babu alimaliza kibuyu kizima na kuomba mwingine. Mimi nilimwaga wangu nyuma ya ghala.

Sasa utauliza asali inahusiana vipi na muziki wa vijana. Ngoja. Mimi shule niliiachia darasa la nne, tena mwalimu wetu alikuwa akifundisha huku anasinzia, kwa hivyo siwezi kusema jambo moja kwa moja kama watu wa ofisini. Nikifika utajua nimefika.

Ujanani nilipiga gitaa la besi katika bendi moja mjini Embu. Tulivaa suruali pana kama sketi za kina mama wa kanisa. Muziki tulioupenda ni ule wa Wamarekani weusi, soul na funk, tukautia maneno ya kwetu. Mwimbaji wetu alikuwa Njeru, ambaye mchana alitengeneza baiskeli pale Karurumo na jioni alitengeneza mioyo ya watu. Sauti yake ilikuwa nzito na yenye mkwaruzo, kama mtu anayeburuta gunia la kahawa kwenye sakafu ya mbao. Usicheke, ilikuwa tamu.

Wakati fulani mkewe, Wanja, alichoka na mume anayerudi nyumbani na jua la asubuhi, akarudi kwao. Njeru akatunga wimbo. "Rudi Wanja, chai yako inapoa." Tulikwenda Nairobi tukaurekodi, ukatoka kwenye santuri. Wanja akarudi. Mwenyewe husema alirudi kwa ajili ya mbuzi wake, si kwa ajili ya wimbo, na mimi sikuwahi kubishana naye.

Njeru alishakufa, Mungu amlaze pema. Santuri ya Wanja ilivunjika ikiwa inafunika sufuria ya maziwa. Yangu mimi niliitunza pamoja na zile za Wamarekani, kwenye boksi chini ya kitanda, mbali na panya na mbali na mke wangu.

Basi akaja Mugendi. Huyu ni mjukuu wa ndugu yangu, ni rapa. Alikuwa katika kikundi na vijana wenzake, akawaacha ili atoe albamu yake ya kwanza akiwa peke yake. Amepanga chumba mtaa wa Majimbo, mjini Embu, ukutani amebandika trei za mayai ili sauti isitoroke. Aliniomba zile santuri zote. Albamu nzima, akasema, ataijenga juu ya soul na funk. Wao huchukua santuri ya zamani, wakakata kipande kidogo cha wimbo, wakakizungusha kizunguke, kisha wanasemea maneno yao hapo juu. Wenyewe wanaita sampo. Sikuona ubaya. Nilifurahi hata, kwa maana hakuna mwingine kwangu aliyewahi kuniuliza boksi lile lina nini.

Nilimpa. Ila niliishika santuri ya Njeru nikamwambia, "Hii ina mwenyewe. Ukitaka kuigusa, mjane wake, Cucu Wanja, yuko ng'ambo ya kijito, nyumba ya mabati mekundu. Nenda umwambie."

"Nitaenda, guka. Hiyo si shida."

Nikamuamini. Mbona nisimuamini?

Ikapita miezi kadhaa. Siku ya soko Wanja akaja kwangu na kapu lake la ndizi limejaa vilevile, hajauza hata chane moja. Alikaa kwenye benchi, akavua kitambaa cha kichwa, akakivaa tena.

"Nimemsikia Njeru," akasema.

Nikadhani ni uzee umemfikia. Kumbe pale sokoni Karurumo kuna muuza simu mwenye spika kubwa, na kwenye spika ile alikuwa akipiga wimbo wa Mugendi uliotangulia albamu. Kijana alikuwa ameichukua sauti ya Njeru akaikimbiza, mpaka ile sauti nzito ikawa nyembamba kama ya mtoto. Lakini mke hudanganywa? Wanja aliitambua pumzi. Na Mugendi alikuwa amekata neno moja tu. Rudi. Rudi, rudi, rudi, mpaka wimbo uishe. Wanja hayumo. Chai haimo.

"Nilisimama pale," Wanja akaniambia, "nikingoja aseme jina langu. Watu walinipita. Mbona hakumwacha amalize?"

Nilikwenda kusikiliza mwenyewe kwa yule muuza simu. Na nikwambie ukweli, wimbo ni mtamu. Besi pale chini ni yangu, vidole hivi hivi unavyoviona vimepinda, na kijana ameipanga vizuri kuliko tulivyoipanga sisi. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Ungekuwa mbaya ningeusamehe.

Nikamwita Mugendi. Alikuja Jumapili baada ya ibada, shavu moja limevimba kwa muguka, yale majani wanayotafuna vijana, akanirudishia boksi langu kwa heshima zote. Zilikuwa zimebaki siku chache albamu itoke, na Wanja alikuwa ng'ambo ya kijito, nusu saa kwa mguu wangu mbovu.

"Ulimwendea Cucu Wanja?"

"Guka, niliget busy. Lakini ngoma imeshika, hata Meru wanaicheza."

"Na hizo nyingine? Za Wamarekani?"

Hapo akanyooka kwa majivuno. Wale aliwaandikia wote kuomba ruhusa, akasema, kwa kompyuta. Alisubiri miezi. Mmoja alikataa, ikabidi autoe wimbo huo kwenye albamu, na ulikuwa mkali kuliko yote. Yaani alinieleza haya kama mtu anayesifu uaminifu wake.

"Kwa hivyo unajua kubisha hodi," nikamwambia.

"Guka, elewa. Wale wana mawakili."

"Na Wanja ana nini?"

Akacheka kidogo. "Wanja ana kuku."

Sikumpiga. Umri wa kupiga watu umenipita, na hata hivyo yeye ni mrefu. Akaongeza, "Na nyinyi je? Mliwaomba Wamarekani mlipoiga midundo yao?"

Swali zuri, siwezi kulikimbia. Hatukuwaomba. Nikamwambia mdundo tulijifunza kwa vidole mpaka vikatoka damu, na mwishowe ukawa na harufu yetu. Lakini pumzi ya mtu hatukuichukua. Pumzi haifundishwi, mwanangu. Ikikatwa, imekatwa ya mtu fulani, na mtu huyo alikuwa na mke. Tena kama tungejua pa kuwapata wale watu tungekwenda. Lakini wewe, nikamwambia, nimekuonyesha nyumba, nimekutajia mpaka rangi ya mabati, ukaona ni rahisi kuvuka bahari kuliko kuvuka kijito.

Sisemi habari za pesa hapa, na Wanja hakuzitaja. Alichotaka ni kijana asimame mlangoni kwake, avue kofia, aseme, mama, nimetundika mzinga wangu kwenye mti wa mzee. Kisha amwachie asikie wimbo wote kabla soko halijasikia.

Nikamweleza habari ya babu na lile sega. Nikamwambia, na wewe unayenisikiliza nakwambia vilevile: tumia vya wazee, vilichongwa ili vitumike, mimi sitaki santuri zife chini ya kitanda. Lakini usimheshimu mtu kwa sababu anaweza kukushtaki. Heshima hiyo ni woga tu uliovaa koti. Anza na yule asiyeweza kukufanya lolote, mpelekee sega la kwanza, na akikupikia uji ulioungua, unywe. Ukifanya hivyo, Mungu wa mlima huu na akupe sauti isiyokauka, kazi ya mikono yako ipendwe na watu usiowajua, na siku utakaponyamaza, apatikane mtu wa kukuacha umalize.

Mugendi alisikiliza yote. Alitema muguka kando ya benchi, akafuta suruali, akasema, "Sawa, guka." Pale langoni njia zimegawanyika, ya kushoto inashuka kijitoni kwa Wanja, ya kulia inapanda kwenye lami ya kwenda Embu. Alisimama kidogo akitazama simu yake. Kisha akashika ya kulia, akatembea bila haraka, na hajarudi tena.